Je, Mikono Yangu Imezeeka, au Kasri la Mnyonya Damu Linanionea?

«Mtaalamu, pokea salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 43. Nilipokuwa mvulana kule Kisumu, karibu na Kondele palikuwa na kibanda ambapo watoto walilipa ili wacheze gemu za kaseti, na humo niliupenda sana mchezo wa mtu wa mjeledi anayeingia katika kasri la mnyonya damu, Castlevania. Sikuwahi kuumaliza, kwa kuwa pesa zilikuwa zikiisha mapema. Mwaka huu nimenunua kijiti cha michezo chenye pedi mbili zisizo na waya, nikakichomeka kwenye runinga ya sebuleni. Nimefika hadi kwa yule adui mkuu aitwaye Kifo na hapo nimekwama kabisa. Ninaruka nikiwa nimechelewa, ninaokota mioyo lakini uhai wangu hauongezeki, na nikiguswa tu narushwa nyuma hadi shimoni. Binamu yangu anasema gemu hizi zilitengenezwa kwa hila ili mtu asishinde. Kijana wangu wa sekondari anasema mikono yangu imezeeka, na kwamba nihifadhi mchezo kila baada ya hatua chache, jambo ambalo naliona kama udanganyifu. Kidole gumba cha mkono wa kushoto nacho kimeanza kuniuma. Je, tatizo ni umri wangu, ni mashine, au ni mchezo wenyewe? Na nikimshinda Kifo, nitakuwa nimebakisha nini?»

Mwalimu, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa utaratibu, kwa sababu ndani ya barua yako umekwisha kunipa zaidi ya nusu ya jibu. Unauliza ni nani wa kulaumiwa kati ya watatu, nami nitakuambia mapema ninavyoona. Mashine ina kosa, tena huenda kubwa kuliko unavyodhani. Mchezo hauna hila, ila una sheria ambazo pale kibandani hakuna aliyekuwa na muda wa kukueleza. Umri wako nauweka mwisho kabisa, maana nimewaona watu wazima wengi wakiacha jambo wanalolipenda kwa kusadiki kwamba wakati wao umepita, ilhali kilichowashinda kilikuwa ni runinga.

Tuanze na mioyo, kwa kuwa hilo ni jepesi kulimaliza. Katika michezo mingi moyo ni uhai, kwa hivyo kudhani hivyo si ujinga hata kidogo. Katika kasri hili mioyo ni kama akiba ya risasi. Kila ukirusha kisu, shoka, msalaba au maji ya baraka unatumia moyo mmoja, na ile saa inayowasimamisha maadui hula mitano kwa mpigo. Kinachokurudishia uhai ni nyama, na aghalabu nyama hiyo imefichwa ndani ya kuta zinazobomoka kwa mjeledi. Nakala yako basi si mbovu. Jambo jingine ambalo mchezo haukutangazii ni kwamba uchungu wa pigo huongezeka kadiri unavyozama ndani ya kasri. Kipimo chako cha uhai kina vipande 16. Katika sehemu mbili za mwanzo pigo la kawaida hukuondolea viwili, katika mbili za kati vitatu, na kuanzia sehemu ya tano, ambako Kifo anakungoja, vinne. Langoni ulikuwa na nafasi ya kupigwa mara nane. Mbele ya Kifo unayo ya mara nne tu. Ukihisi kwamba umeanza kufa haraka, hisia hiyo ni sahihi, na haina uhusiano wowote na mwaka uliozaliwa.

Sasa mashine. Castlevania iliundwa na kampuni ya Konami ya Japani, ikatoka nchini humo mwezi Septemba 1986, na mashine iliyokusudiwa ilichora picha takriban mara 60 kwa sekunde, yaani picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi. Katika zile runinga nene za kioo za enzi hizo, ulipobonyeza kitufe matokeo yalionekana karibu papo hapo. Runinga bapa ya leo hufanya kazi ya ziada kabla ya kukuonyesha chochote: hupokea picha ndogo ya zamani, ikaipanua, ikailainisha na kuirembesha rangi, na kazi hiyo hula muda. Nyingi, zisipowekwa katika hali ya michezo, huchelewesha picha kwa makumi ya milisekunde, na zipo zinazopita 100. Juu ya hapo weka pedi ya bei nafuu isiyo na waya, ambayo nayo ina ucheleweshaji wake, kisha programu iliyomo ndani ya kijiti inayoiga mashine ya zamani. Mtu mwenye afya huhitaji karibu robo ya sekunde kuitikia kitu alichokiona. Vifaa vikikupotezea nusu ya muda huo kabla hujaanza hata kuitikia, umepoteza zaidi ya kile ambacho umri wa miaka 43 unaweza kukupunguzia ukilinganishwa na kijana wako. Umri hupunguza wepesi wa kuitikia, sikatai, lakini kwa mtu wa rika lako upungufu huo ni mdogo.

Usiniamini kwa maneno tu, pima mwenyewe. Omba simu yenye uwezo wa kurekodi video ya mwendo wa polepole. Mtu mmoja aishike ili kidole chako kwenye pedi na kioo cha runinga vionekane pamoja, kisha bonyeza kitufe cha kuruka mara kadhaa. Baadaye tazama video hiyo fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja, ukihesabu fremu ngapi zinapita kati ya kitufe kuzama na mguu wa Simon Belmont, yule mtu wa mjeledi, kuinuka ardhini. Kama simu inarekodi fremu 240 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 4 na kidogo. Ukipata fremu 10 au 12, hali ni nzuri. Ukipata 30 au zaidi, mshtakiwa umemkamata. Ingia katika mipangilio ya runinga, tafuta hali ya michezo, zima kila kinachodai kulainisha mwendo wa picha, kisha pima tena. Kama kijiti chako kinakubali pedi ya waya wa USB, nunua moja. Hilo ni badiliko dogo ambalo mara nyingi huwashangaza watu. Usikimbilie kununua runinga ya zamani sokoni kwa sababu ya kijiti hiki, kwa kuwa tundu la HDMI, lile la kuchomekea kijiti, halimo humo, na kifaa cha kubadilisha mawimbi kinaweza kukurudishia ucheleweshaji uleule uliokuwa ukiukimbia.

Kuna jambo moja linalohusu kumbukumbu zako za utotoni. Nakala iliyouzwa Ulaya kuanzia mwaka 1988 ilienda kwa kasi ya picha 50 kwa sekunde, si 60, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mfumo wa runinga wa huko, na Kenya nayo ilifuata mfumo wa namna hiyo. Mashine za kaseti za njano zilizojaa vibandani zilikuwa za aina nyingi, kwa hivyo siwezi kuapa kuhusu ile ya Kondele. Lakini ikiwa ilikuwa ya kasi hiyo, basi mchezo ulioujua ulikuwa wa polepole kwa karibu sehemu moja kwa sita kuliko huu unaoucheza sasa, na hata muziki wake ulikuwa wa taratibu zaidi. Ukihisi kwamba zamani ulikuwa na nafasi ya kupumua, yawezekana kabisa kwamba ulikuwa nayo.

Binamu yako naye ana haki ya kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ipo michezo ya enzi zile iliyomwonea mchezaji. Huu si mmojawapo. Simon akisharuka, ameruka. Huwezi kumgeuza angani, wala kumvuta nyuma, wala kufupisha mruko wake. Akitembea hadi ukingoni akaanguka, huanguka wima moja kwa moja. Mjeledi nao hautoki mara moja: kwanza mkono unakwenda nyuma, ndipo kamba inatoka, na akiwa ardhini miguu yake husimama mpaka pigo liishe. Kwenye ngazi hawezi kuruka kabisa. Mtu aliyezoea michezo ya leo, ambapo mhusika hugeuka angani atakavyo, huona huu ni uzito tu wa kizamani. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo utisho wa kweli wa mchezo huu, kuliko popo na mifupa inayotembea. Kila unachokifanya ndani ya kasri hakirudi nyuma, na kwa muda wote wa mruko huo unatazama kosa lako likija bila uwezo wa kulizuia. Waliouunda walijua walichokuwa wakikitafuta.

Kutokana na hilo, mchezo huu haumpi zawadi mwenye vidole vyepesi, bali anayeamua mapema. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba umri wako hauna hatia. Maadui wengi hufuata mienendo ileile kila mara. Vichwa vya Medusa, vile vinavyoruka kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa siku ya upepo, na ukikaa vikapita viwili vitatu bila kukimbia utaona kwamba mwendo wao haubadiliki. Anayesubiri kichwa kimfikie ndipo aruke atachelewa hata akiwa na umri wa miaka 16. Anayekiangalia kikiwa bado mbali, akaamua kama atapita chini yake kinapopanda au atakipiga kinaposhuka, ana muda wa kutosha na wa ziada.

Nadhani mahali penyewe unapovunjika moyo ni ule ukumbi mrefu kabla ya chumba cha Kifo. Umeutaja kwa sentensi moja tu, ile ya kurushwa nyuma, lakini naujua. Mbele yako anasimama askari wa chuma anayerusha mashoka, lingine juu, lingine chini, akisogea mbele na kurudi nyuma. Na wakati huohuo vichwa vya Medusa vinakuja bila kukoma. Kila mtu anayeshindwa hapa hushindwa kwa namna moja: anamwangalia askari, anakisahau kichwa, anaguswa, anarushwa nyuma, na kabla hajatulia shoka linamfikia. Dawa yake ni maji ya baraka. Chupa hiyo huwaka moto inapotua, na askari aliyeshikwa na moto huo hukwama pale alipo huku akiumia. Mrushie miguuni, msogelee hatua moja, mwongezee mjeledi, na macho yako yabaki kwenye vichwa, kwa maana yeye sasa hana la kukufanya. Usiruke ila kwa kulazimika. Katika ukumbi huu aliyechutama huwa salama kuliko aliye angani, kwa sababu mashoka ya juu humpita, na anaweza kusimama tena muda wowote, jambo ambalo aliyeruka hawezi.

Maji hayo lazima uyalete kutoka mbali, na hapa watu wengi hujiharibia. Unabeba silaha moja tu ya ziada kwa wakati mmoja, na ukikanyaga nyingine iliyodondoka kutoka kwenye mshumaa, ile ya kwanza imekwenda. Ukiisha kuwa na maji ya baraka, jifunze ni mishumaa gani inadondosha visu au saa, uiache iwake. Ukiyatumia vizuri kuwapiga maadui na mishumaa, mchezo hukupa alama inayokuruhusu kurusha chupa mbili, kisha tatu, kabla ya kungoja; tatu ndizo unazozitaka kwa Kifo.

Kuna ukatili mmoja wa kweli katika mchezo huu, nami sitauficha ili kuutetea. Ukifa, unapoteza silaha yako, mjeledi wako mrefu wa mnyororo unarudi kuwa mfupi, na mioyo inabaki mitano. Kwa hivyo jaribio la pili mbele ya Kifo ni gumu kuliko la kwanza, na la tatu halina nafuu. Mtu hukaa pale akijirudia, akidhani anafanya mazoezi, kumbe anapigana akiwa mnyonge zaidi. Ushauri wangu unaweza kuonekana wa ajabu: ukifa kwa Kifo ukiwa huna kitu, usiogope kuyamaliza maisha yako yaliyobaki mchezoni na kuchagua kuendelea. Mchezo hauna kikomo cha kuendelea, na utakurudisha mwanzo wa sehemu ya tano, ambako kuna njia ndefu zaidi ya kujenga upya mjeledi, mioyo na silaha. Dakika chache za kurudi nyuma ni bora kuliko jioni nzima ya kugonga ukuta.

Kifo mwenyewe, ukimfikia ukiwa kamili, si mgumu kama jina lake. Huelea huku na huku, na mundu ndogo hutokea hewani, zikasita kidogo, kisha zikakujia. Pigo moja la mjeledi huifuta mundu, na kosa ni kuhangaika na mundu zote ukamsahau mwenyewe. Maji ya baraka humkwamisha naye pia: yakimpata, moto humshika papo hapo, nawe unaongeza chupa nyingine kabla haujazimika. Ukiona huna ustadi wa kumlenga hivyo, njia ya msalaba ni ya haki na pengine inakufaa zaidi, kwa kuwa msalaba hukata kila kitu unapokwenda na tena unaporudi, mundu zikiwemo, na humwachia mtu nafasi ya kukosea kidogo.

Kuhusu kuhifadhi mchezo, naelewa kwa nini dhamiri yako inakataa, lakini nadhani unajibebesha mzigo usio wako. Nakala ya kwanza kabisa ya Japani, ile ya mwaka 1986, ilitolewa kwenye diski, na diski ile ilihifadhi ulikofika. Kaseti za Marekani na Ulaya ndizo zilizokosa uwezo huo. Tena mwaka 1993, mchezo ulipotolewa upya Japani kwa kaseti, waliuongezea hali rahisi. Wenyewe walikubali kwamba si kila mtu ana mchana mzima. Hata mkusanyiko rasmi ambao Konami iliutoa mwaka 2019 unakuruhusu kuhifadhi popote, na ukiweza kuupata ni bora kuliko kijiti, kwa ubora wa picha na kwa uhalali wake pia.

Hata hivyo kijana wako anakosea kidogo. Kuhifadhi kila baada ya hatua chache hukufikisha mwisho bila kukufundisha, nawe umeniandikia kama mtu anayetaka kujua, si kufika tu. Hifadhi mara moja mlangoni mwa ukumbi, ukiwa na maji ya baraka na mjeledi kamili, urudie ukumbi huo mpaka uupite bila kuguswa zaidi ya mara mbili. Kisha hifadhi mlangoni mwa Kifo, ufanye vivyo hivyo. Siku ukiona mwili umejua, anza sehemu ya tano upya bila kuhifadhi. Wanafunzi wako huwafundishi insha nzima kwa siku moja, unawapa aya.

Kidole gumba ndicho kilichonitia wasiwasi, na hapa mimi si daktari. Gumba la kushoto ndilo linalobeba kitufe cha mwelekeo, na mchezo wa ngazi na miruko hulifanya likandamize kwa nguvu kwa muda mrefu. Pumzika siku kadhaa, kisha ucheze kwa vipindi vya nusu saa, na uangalie kama unaikaza pedi unapoogopa. Wengi hukaza bila kujua. Lakini ikiwa maumivu yako upande wa kifundo cha mkono penye mzizi wa gumba, au yanaendelea hata baada ya kupumzika, au vidole vinakufa ganzi usiku, au unashindwa kushika chaki, usiendelee kunisoma mimi. Nenda hospitali ya kaunti hapo Kakamega, au ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ukiwa Kisumu, umwone mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu uvimbe wa kano ukitibiwa mapema hupona kwa urahisi. Na kwa kuwa watoto wanakaa nawe sebuleni: ile rozari inayowaangamiza maadui wote kwa mara moja huifanya picha nzima imulike-mulike. Kama yupo nyumbani aliyewahi kupata kifafa au kuzimia mbele ya mwanga unaomulika, asicheze wala asitazame kabla ya daktari kusema. Adapta ya kijiti ikipata joto la kukuunguza kidole, izime, umpelekee fundi.

Mwisho umeuliza umebakisha nini. Umebakisha sehemu moja, ya sita, na ni fupi kuliko unavyoogopa. Kwanza ni daraja lililobomoka, ambako popo wakubwa, wa aina ya yule uliyempiga mwishoni mwa sehemu ya kwanza, wanakushambulia. Humo usisimame, songa mbele, kwa maana kila unapotulia upinzani unakukuta. Kisha mnara wa saa, wenye vijitu vinavyorukaruka bila mpango, nao ndio wa pekee katika mchezo huu ambao sithubutu kukuambia kwamba hutabiriwa. Wapige wakiwa ardhini na usiwafuate. Halafu ngazi ndefu, na juu yake Dracula. Katika umbo lake la kwanza hutoweka, hutokea mahali pengine, hufungua joho na kutoa mipira mitatu ya moto, na hudhurika kichwani peke yake. Simama umbali wa mjeledi, ruka juu ya mipira hiyo huku ukimpiga kichwa kwa mruko huohuo mmoja, kisha geuka na usogee kabla hajatokea tena, ili asikutokee mgongoni. Utakapomshinda, atageuka kuwa jitu kubwa na utadhani umeanza upya bila uhai wa kutosha. Usikimbie. Jitu hilo hukwamishwa na maji ya baraka kama askari wa ukumbini, kwa hivyo pambana na umbo la kwanza kwa mjeledi tu, bila kurusha hata chupa moja, ili mioyo yote uliyoiokota iwe bado mkononi mwako wakati huo.